Kwa Kaka Hamisi, Ambaye Sheria Inasema Alijua

Mpendwa Kaka Hamisi,

Nikija kukuona tunazungumza habari za sabuni. Nakuuliza kama ile ya mwisho imetosha, unaniuliza kama mvua imeanza kwetu Manyoni, askari anasimama karibu, muda unakwisha. Mengine yote narudi nayo Chukwani na kulala nayo. Leo nimeona niyaandike, tena wazi, kwa sababu kesi yako kila mtu wa bandarini ana neno lake juu yake. Hili ni langu. Niliishia darasa la sita, pakipinda utanisamehe.

Siko tena bandarini. Baada ya hukumu, mkubwa wetu wa mahamali aliniita pembeni. "Mdogo wangu, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini abiria wakisikia u nduguye nani, watakuogopa. Katafute pengine." Nikatafuta. Sasa nachanganya zege kwenye nyumba ya ghorofa inayojengwa huku Chukwani. Wenzangu wote wametoka kijiji kimoja cha Pemba. Wakati wa kula wanakaa pamoja, wanataniana kwa majina ya utotoni. Mimi wananisalimia vizuri, wananikaribisha chai. Ndiyo hivyo tu.

Nakumbuka ulivyonifundisha kubeba. "Usimkimbilie abiria," uliniambia, "kimbilia begi." Ulichana khanga kuukuu ya Mama, ile ya kijani, ukanipa nusu ya vipande. Kila hamali alikuwa na kitambaa chake. Boti ikishafika gatini tunaingia, unafunga kitambaa kwenye mshikio wa begi, basi, hamali mwingine haligusi hata kama mwenyewe bado anatafuta viatu. Kilichomo ndani hatukuuliza. Kumwambia abiria afungue begi lake ilikuwa sawa na kumwita mwizi mbele za watu.

Na ule mchezo wetu, kaka. Ukishaweka mzigo begani ulikuwa unaninong'oneza: "Vitenge." "Mchele." "Huyu kabeba vitabu, maskini, atavisoma lini vyote hivi?" Kisha likifunguliwa kwenye meza ya ukaguzi tunachungulia. Ukipatia, mimi nanunua urojo Forodhani. Ukikosa, unanunua wewe. Urojo wa bure nilikula kwa nadra sana. Mzee Makame wa Tumbatu, hamali mwenzetu, alikuwa anapita na mzigo wake kichwani, anasimama makusudi mbele yako.

"Hamisi, hebu nambie, bibi huyu kanletea nini mimi?"

"Kakuletea ugonjwa wa mgongo, Mzee Makame."

"Huo nnao tangu ujana, mrudishie mwenyewe!"

Siku ile nilikuwa nyuma yako na maboksi ya vifaranga. Abiria wako alivaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri. Nilimsikia akikwambia, "Tangulia, nakuja, nimesahau simu ndani." Ukatangulia, kama tulivyotangulia siku zote. Mezani nguo zikatolewa, askari akabonyeza chini ya begi, akabonyeza tena, akachana bitana. Pakiti za unga, ule wa kulevya, zilikuwa zimepangwa mle kama matofali madogo. Uligeuka kumwonesha mwenyewe. Hapakuwa na mtu mwenye shati la bluu. Nilikuona unatafuta kwa macho, uso hadi uso, mpaka ukafika kwangu, na mimi nilikuwa na vifaranga.

Wakili wako, Bi Zuhura, aliniita ofisini kwake Mji Mkongwe kabla sijatoa ushahidi. "Nisikilize," akasema. "Kesi nyingi serikali ndiyo inayohangaika tangu mwanzo mpaka mwisho. Hii siyo hivyo. Kitu kikishakutwa mikononi mwako, sheria inaanzia hapo: ni chako, na unajua ni nini. Sasa kaka yako ndiye wa kuonesha kwamba hakujua."

Nikamuuliza, "Mtu anaoneshaje kitu ambacho hakikuwemo kichwani mwake?"

Akavua miwani. "Ndiyo kazi yangu hiyo," akasema, "na si nyepesi."

Mahakamani nilieleza habari ya vitambaa, nikaeleza vizuri, nikajiona nimekusaidia. Wakili wa serikali akanishukuru. "Kwa hiyo kitambaa ndicho kinachosema begi liko chini ya nani?" Nikasema ndiyo, chini ya hamali. "Hamali gani?" Nikamtaja kaka yangu. Bi Zuhura aliandika kitu, akakikata.

Halafu wakili wa serikali akauliza, "Ni kweli kaka yako alisifika kwa kujua kilichomo ndani kabla hakijafunguliwa?"

"Ulikuwa mchezo."

"Sikukuuliza kama ni mchezo. Alikuwa anapatia, au hapatii?"

Nilikuwa nimeshaapa. Nilikutazama, ukatikisa kichwa kidogo, sikujua unasema niseme au ninyamaze. Nikasema, "Alikuwa anapatia." Nikaongeza haraka kwamba alikosa pia, kwamba siku moja alisema nazi, kumbe gunia lina vichwa vya cherehani. Jaji akainua macho.

"Cherehani?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na yeye akasema nazi?"

"Nazi, mheshimiwa."

Watu wakacheka, hata wewe ulicheka. Nilidhani kicheko kile kimekuokoa.

Haikuwa hivyo. Jaji alisema begi lilikuwa chini yako na kitambaa chako kilikuwa juu yake, na kwamba mtu aliyezoea kupima mizigo kwa bega asingekosa kuhisi uzito usio wa nguo. Akasema hukuleta la kutosha la kuonesha hukujua. Miaka siitaji hapa. Bi Zuhura amekata rufaa. Anasema kuhisi kwamba mzigo ni mzito si kujua kwamba ni unga, na hilo ndilo atakalosimama nalo.

Nyumbani, Mama amewaambia majirani uko chuo. Huku visiwani jela huitwa chuo cha mafunzo, na yeye hakutaka kusema uongo. Wamempongeza. Mmoja amekuja kuomba umtafutie mwanawe nafasi. Mama alinisimulia kwenye simu huku akicheka, kisha kicheko kikakatika, akaniuliza, "Alikuwa anajua?"

Nilimwambia mtandao unasumbua.

Kaka, hilo ndilo ninalolala nalo. Mimi sijui. Tumezaliwa tumbo moja, tumelala chumba kimoja, tumekula sahani moja, na kilichokuwa kichwani mwako ulipoliweka lile begi begani sikijui. Nilikuwa nyuma yako, niliona mgongo tu. Watu wanadhani ndugu lazima ajue. Hapa kazini mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, mwenye ule unga ni nani hasa. Nilichota maji nikaendelea na zege.

Lakini nimechoka kukaa katikati. Sheria ina pake pa kuanzia: inaanza kwamba ulijua, halafu inakungoja wewe uiondoe hapo. Na mimi nimechagua pangu. Naanzia kwamba hukujua. Sina ushahidi, wala sitafuti. Nilimpigia Mama nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Basi usirudi kwanza. Kaa naye huko." Nami nilikuwa nimeshafunga mizigo, kaka, nilikuwa narudi Manyoni. Nimeifungua. Nabaki.

Na ikitokea siku ukataka kuniambia vingine, niambie wewe, kwa mdomo wako, siyo jaji. Nitasikia. Nitaumia. Halafu Jumapili inayofuata nitakuwa kwenye foleni ya wageni, na askari akiniuliza nimekuja kumwona nani, nitamwambia nimekuja kumwona kaka yangu.

Mungu akuweke salama huko uliko.

Mdogo wako wa ziwa moja