Ile Msingi Nilichimba Satellite

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na hii baridi ya Julai inaingia kwa mifupa bila kupiga hodi.

Leo niko na uoga. Mimi, Fundi Wafula, mwenye nilitembea juu ya ukuta wa gorofa ya saba kule Kileleshwa na kikombe ya chai mkononi, na sikumwaga hata tone. Shule niliona kwa dirisha tu, siku niliitwa kuweka hiyo dirisha. Lakini simu inaandika nikiongea, basi wacha iandike.

Naogopa.

Mchana Mueni alikuja mtaani kwetu, Satellite. Ni huyo mama anatafuta kiti ya MCA, mjumbe wa wodi yetu kwa kaunti. Si mbaya. Anaongea kama mtu amewahi kupanga laini ya maji na mtungi. Alisema akiingia ataanza na maji taka, halafu maji safi, halafu zahanati, na hizo barabara za kupigiwa picha zingoje. Alisema vijana wanafanya kazi Kileleshwa na Ngara lakini kodi ya huko imewashinda, wanakuja kulala kwetu, na kwetu nafasi imeisha. Kwa hivyo tujenge kuenda juu.

Akaonyesha ile nyumba ya pinki, gorofa tatu. Landilodi, mwenye hiyo nyumba, alikuwa hapo kando anatabasamu. Jumatatu mafundi wanaanza kuongeza zingine tatu.

"Na mwenye alichimba msingi yuko hapa," Mueni akasema. "Mzee wangu, itabeba?"

Sasa hiyo msingi. Miaka yote nimeambia watu nilichimba mpaka nikagonga mwamba, nikapotea huko chini siku mbili, wakawa wananishushia chai na kamba. Mtaa mzima inajua hiyo stori. Watoto wananiitisha kama peremende.

Ukweli ni tulifika kiuno. Mvua ikanyesha, shimo ikajaa, tukachota maji na ndoo mpaka tukachoka, tukamwaga zege juu ya matope. Tuliambiwa ni nyumba ya gorofa moja tu. Hizo zingine ziliongezwa nikiangalia, na nikanyamaza.

Chumba ya kwanza pale chini anakaa Nafula, binti yangu, na watoto wake wawili.

Nikapewa maiki. Watu wote macho kwangu. Nikasema, "Hata gorofa kumi."

Makofi. Nilisikia utamu kidogo, siwezi kataa. Halafu nikaona Nafula amesimama kwa mlango yake, anapiga makofi pia.

Nikaitisha maiki tena. Nikasema nilidanganya. Nikasema ni kiuno, na chini yake ni matope.

Wakacheka.

"Kiuno ya nani, Fundi?" mama mboga akauliza. "Yako ama ya twiga?"

Nikaapa. Wakacheka zaidi. Mueni akafuta macho na leso, akasema huyu mzee ndiye angesimama kiti. Landilodi alicheka kuliko wote. Nafula alikuwa amejishika mbavu.

Jioni nikamfuata kwake, nikamwambia ahame kabla ya Jumatatu.

"Baba, umeanza," akasema, akaniwekea ugali.

Ukuta nyuma ya kabati yake iko na ufa. Mwaka jana ilikuwa inaingia kucha. Leo nimeweka kidole na imeingia. Nikamwonyesha. Akaniambia hata uso yangu iko na nyufa na bado haijaanguka.

Hiyo utani alitoa kwangu. Nani mwingine alimfunza?

Nimekula ugali nikiangalia ukuta. Sikumaliza, na mimi sijawahi bakisha ugali.

Maneno yangu imeisha nguvu. Niliitumia yote kwa stori za kamba na chai. Imebaki jembe. Kesho watu wakienda kanisa nitakuwa hapo kona ya nyumba ya pinki, nachimba kando ya ukuta mpaka nione mahali zege imeishia. Wakitoka kanisa watanipata nimesimama ndani ya shimo, na Mueni mwenyewe aangalie inanifika wapi.

Najua itanifika kiuno. Lakini Mungu, hii mara moja tu, nipate nilichimba vile nimekuwa nikisema.