Wanzagi na Njia Yangu ya Milimani

Shani, leo nimemkomesha Wanzagi, yule katibu wa kijiji wa zamani.

Wageni wa baiskeli wamekuja Butiama. Akawaambia njia ya milimani aliifungua yeye, enzi za Ujamaa. Yeye, peke yake.

Eti, "Wanawake walikuwaga wanaogopa baiskeli." Na ananiona nimekaa pale. Mimi niliyezunguka vijiji vyote vya milimani kwa baiskeli enzi hizo, nikifundisha watu wazima kusoma.

Nikamsogezea baiskeli ya mgeni. "Panda, waonyeshe."

Akasingizia magoti.

"Magoti gani, Wanzagi? Hujawahi kujua kuendesha. Mimi ndiye nilikuwaga nakubeba kwenye keria, kila tukiteremka wewe unafumba macho."

Wageni walicheka mno. Sasa njia wananiuliza mimi. Yeye anawashikia mabegi.