Gari Langu Halitageuzwa Ng'ombe

Jumamosi, Bariadi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Mimi pia nimejaa, ila yangu nitayashusha hapa.

Gari langu haliuzwi.

Nimeliandika hilo kwanza ili nisije nikalainika kabla ya kufika mwisho. Ni gari dogo jeupe la mizigo, lina harufu ya samaki ambayo hakuna sabuni iliyoiweza, na nalipenda hivyo hivyo. Nililipata kwa kuchukua sato ziwani Lamadi na kuwauza hapa sokoni. Tangu siku hiyo sijaomba lifti ya mtu, wala sijauza samaki waliobaki baada ya wenzangu kuchagua.

Wiki kadhaa sasa lilikuwa linakunywa maji. Nikirudi safari, likishapoa nikafungua rejeta, maji yameshuka. Yanakwenda wapi? Chini hakuna hata tone. Nililaza maboksi chini ya injini, nikayakuta makavu. Oili safi, haina weupe wa kuingiwa na maji. Moshi wa kawaida. Fundi wangu, ambaye namwamini, alibadilisha kifuniko cha rejeta na maji yakaendelea kupotea. Mwishowe akafuta mikono, akasema basi itakuwa gasketi ya silinda hedi, na injini ikishafunguliwa huwa hairudi kuwa ile ile.

Maneno hayo yalimfikia shemeji yangu wa Lalago, kaka mkubwa wa mume wangu, kabla mimi mwenyewe sijayameza. Shemeji ana zizi kubwa, na kwake kitu kisichozaa si mali. Alhamisi asubuhi akaja. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikia vizuri, kisha akamgeukia mume wangu.

"Gari hiyo imekufa. Nimepata mtu, anakuja Jumapili kuichukua. Tununue ng'ombe, tuwaweke kwangu, watazaana."

Kwangu. Neno hilo linanifuata hata nikiosha vyombo.

"Shemeji, mbona mimi hujaniuliza?"

"Mama Kulwa, mimi nakuonea huruma. Itakuzimikia njiani na samaki wako."

Mume wangu alitazama viatu vyake. Baadaye akaniambia kaka ameshatoa neno. Nikamjibu kwamba neno ni lake na gari ni langu. Goti nampigia, funguo simpi.

Lakini niliogopa. Niliogopa kwamba shemeji amesema kweli. Jana niliingia kwenye gari, nikapandisha vioo, nikalia humo ili wanangu pacha wasinione. Nilijiona nimerudi kule kule, nimesimama barabarani na ndoo tupu, nasubiri huruma ya mwenye gari. Nilipomaliza kulia nilibaki na hasira tu, na hasira inafanya kazi vizuri kuliko machozi.

Leo asubuhi nililijaza maji, nikawasha, nikaacha boneti wazi, nikakaa juu ya ndoo kulitazama. Feni ikaanza. Nikaendelea kukaa. Ndipo nikasikia "chii" ndogo, kama maji yaliyodondokea kikaangoni. Ilitoka nyuma kabisa ya injini, mahali ambapo jicho halifiki. Nikazima gari, nikachukua kioo changu cha poda, nikakifunga kwenye mwiko wa ugali na kukipenyeza huko.

Weupe! Ukoko ule ule ulioganda ndani ya birika langu la chai, maana maji ya kisima chetu yana chumvi. Maji yalipita hapo, yakakauka, yakaacha chumvi yake.

Hapo ndipo inapopita mipira miwili ya hita, ile inayopeleka maji ya moto ndani ya gari ili abiria wapate joto. Huku kwetu nani anataka kupashwa joto? Gari likifika tu kutoka nje, fundi anaikata hita, anaiunganisha mipira hiyo kwa kipande cha bomba na kukaza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Langu lilifanyiwa hivyo na wote tukaona ni akili. Sasa utepe umechoka. Injini ikipoa, unabana. Ikipata moto na presha, unaachia, na maji yanadondokea bomba la eksozi lenye moto lililo chini yake na kugeuka mvuke. Ndiyo maana maboksi yalibaki makavu.

Fundi alikuja, akachungulia kwenye kioo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Kulwa, hii ni mikono yangu mwenyewe!"

Akaweka mpira mmoja mzima uliopinda, wenye klipu za chuma kila upande. Tukamwaga maji yote ya chumvi, tukajaza kulanti. Kisha nikamwambia mume wangu apande.

Tulikwenda Lamadi na kurudi, tumepakia magunia. Njia nzima macho ya mume wangu yalikuwa kwenye mshale wa joto, na mshale haukutikisika. Tulipofika nyumbani tukasubiri lipoe, nikamwambia afungue rejeta yeye mwenyewe. Akachungulia.

"Imejaa," akasema. Halafu akatoa simu. "Kaka nitamwambia mimi."

Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akimkatalia kaka yake. Leo akapiga, akamwambia gari haliuzwi. Nilisimama nyuma yake nimeshika kifuniko cha rejeta, na nikampenda upya. Shemeji akajibu kwamba mnunuzi ameshaanza safari, watakuja tu.

Na waje. Nimeshamwambia mume wangu awape viti vizuri na uji wa moto. Mimi nitakuwa Lamadi, nachagua sato kabla ya watu wote. Uani watakuta alama za matairi; wakitaka, wanunue hizo.