Anayekaa Mbele

3 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Natumaini wewe na shangazi yako mu wazima, na kile kikohozi chake kimempa nafasi. Sisi tu wazima, ila mabega yanauma na mbu wamefurahi kupata wageni.

Leo tumefika nguzo ya kwanza ya kupimia maji. Msoma maji huja kila Jumamosi kuandika kina cha mto, naye atakuletea barua hii. Mpe jibu lako, ataliacha kwenye sanduku la bati la nguzo ya pili. Tutafika huko kama tarehe kumi na tano. Siku nne sasa hatujaona mtu, ni msitu huku na huku, sisi katikati.

Ubishi wetu tumesafiri nao. Unaujua: miaka ishirini Bamkubwa wako ananiambia, pale karakanani kwangu, kwamba mtu hajui ila alichokipima mwenyewe. Nami namwambia mengi tunayaishi kwa kuamini tu. Sasa mtumbwi utaamua. Goti langu limevimba, kwa hiyo tumebadilishana: yeye mbele, mimi nyuma. Mgongo wake umeziba kila kitu. Akisema "Kushoto!" nakata kushoto, jiwe silioni, namwona yeye. Jana nikamwuliza, "Huku kuamini kwangu kuna tofauti gani na kutojua?" Akajibu, "Piga kasia, mwanafalsafa, tutagonga."

Baada ya nguzo ya pili kuna maporomoko. Hapo ndipo tutakapoumaliza ubishi.

Baba yako

10 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, na Shangazi anakohoa kidogo tu. Pole kwa goti.

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mlipoondoka ni wewe uliyekuwa ukae mbele. Ndiyo maana nilinyamaza.

Bamkubwa haoni kwa jicho la kushoto. Wiki moja kabla ya safari alikuja kukutafuta, nikamwekea chai upande huo. Aliipapasa meza, akaimwaga ile chai. Alipotoka akagonga bega kwenye mwimo wa mlango. Nilipomwuliza akasema, "Binti, hili libaki letu. Baba yako akijua, hatakwenda nami." Nikaahidi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma ramani, na sijawahi kumvunjia ahadi.

Leo naivunja. Mawe ya kushoto hayaoni. Tafadhali usiingie maporomokoni yeye akiwa mbele.

Najua anayekaa mbele ndiye hushuka kwanza, na huenda akalifungua sanduku yeye. Sina njia nyingine ya kukufikia.

Binti yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Je, mu wazima? Leo nauliza kwa sababu nataka jibu, si kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza.

Msoma maji amerudi. Anasema sanduku la nguzo ya pili lilikuwa tupu: barua yangu haimo, wala hukuacha neno. Nani aliichukua? Kama ni wewe, mbona kimya? Kama ni Bamkubwa, basi hujui lolote, nami nimevunja ahadi bure.

Jana mwalimu wa jiografia aliniita nijibu swali, nikasema, "Kushoto." Darasa zima lilicheka. Shangazi anasema watu wazima hawajitupi majini ovyo, lakini tangu Jumapili anakunja shati lako lile lile.

Andika hata neno moja.

Binti yako

27 Juni

Mwanangu,

Tu wazima sote wawili. Nimeanza na hilo maana najua utaziruka salamu. Barua yako ya pili nimeikuta kwenye sanduku la nguzo ya tatu.

Sanduku alilifungua yeye. Aliisogeza barua karibu na uso, akautambua mwandiko wako, akanipa ikiwa bado imefungwa. "Ya binti. Soma."

Nikasoma. Akauliza, "Anasemaje?"

"Hajambo, anatusalimu."

"Kurasa mbili za hajambo?" Akaketi juu ya jiwe. "Mtoto amenisema. Ningekuambia tukishavuka maporomoko."

"Na tusingevuka, ungemwambia nani?"

Akainuka, akaenda kuupindua mtumbwi. Siku nzima tulikaa ukingoni, yeye kule, mimi huku, mtumbwi katikati. Neno sikukuachia kwa sababu sikuwa nalo. Kurudi hatukuweza, maji yale hayapandiki kwa kasia. Na nilikuwa na aibu. Siku zote zile nilikuwa nikiutazama mgongo wake, nisione kwamba akitaka kutazama kushoto hugeuza kichwa chote.

Asubuhi akachukua kasia, akaenda kukaa nyuma bila kuambiwa. Nami nikakaa mbele na goti langu. Katikati ya maporomoko nilipiga kelele "Kulia!" pale nilipopaswa kusema kushoto. Akakata kulia. Tukagonga jiwe, maji yakaingia hadi kiunoni, tukatoka upande wa pili tunakohoa.

"Ulijua nimekosea?"

"Nililisikia jiwe likinguruma."

"Mbona hukubisha?"

"Miaka ishirini nakubishia. Nilitaka kujua kukaa kwako huko nyuma kulikuwaje."

"Kulikuwaje?"

"Kunatisha," akasema.

Tangu hapo tunazungumza, ila kidogo. Nilimwuliza kama ana salamu za kukutumia. Akasema, "Sina. Nina neno naye, nikifika." Uso wake haukuwa wa utani.

Baba yako

4 Julai

Baba,

Shikamoo. Na ya Bamkubwa pia, akikubali kuipokea.

Nilisoma mstari wa kwanza nikakaa sakafuni. Shangazi aliusoma juu ya bega langu, akaenda jikoni, akafunga mlango.

Mwambie neno lake nalisubiri. Ahadi niliivunja, sitasema sikuivunja. Jana nilipotoka shule nilipita kliniki ya macho, nikapanga foleni na sare yangu. Muuguzi akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko mtoni."

"Anafanya nini mtoni?"

"Anabishana."

Akacheka, akaliandika jina la Bamkubwa: Alhamisi tarehe kumi na nane, saa mbili asubuhi. Hakuniahidi kitu. Alisema huenda tumechelewa, huenda bado.

Kama Bamkubwa anataka kunikaripia, na anikaripie pale pale kwenye benchi, tukisubiri kuitwa.

Binti yenu