Kiti Alichofungiwa Nabwire

Mdogo wangu Wandera,

Niwie radhi kwa miezi mitano ya kimya. Sikunyamaza kwa kukosa karatasi. Kila nilipoanza kuandika, hasira ilitangulia kalamu, nami niliwafundisha wanafunzi wangu miaka yote kwamba mtu asiandike barua akiwa katika hali hiyo. Sasa nimeona kwamba nikiingoja hasira iishe, sitaandika kamwe. Simu yako haipatikani, na huko Eldoret hakuna anayejua unakolala. Kwa hiyo naiandika wazi, gazetini, ili anayekufahamu akusomee.

Unaukumbuka mlango wa jiko la mama? Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuo cha ufundi Tororo, huna subira, unataka kutuonyesha ulichojifunza. Ulitoboa mlango ule wa bati, ukapitisha bolti yenye washa, ile pete bapa ya chuma, ndogo kama kifungo cha shati, ukaifunga kamba, ukaniambia nivute. Nilivuta mara moja nikaanguka chali, bolti miguuni pangu, bati limechanika kama karatasi. Ukatoboa tundu la pili, na safari hii ukaweka nyuma yake bamba la chuma lenye upana wa kiganja. Tukavuta sote wawili. Dada yetu Nabwire, aliyekuwa bado shule ya msingi, akaning'inia kwenye kamba katikati yetu akicheka. Mlango mzima ulitikisika, lakini bolti haikutoka. Mama akaja na mwiko mkononi.

"Nyinyi wanaume wazima, mlango wangu umewakosea nini?"

"Mama, namfundisha mwalimu," ukamjibu.

Nilijivunia wewe siku hiyo, ingawa sikukuambia. Nilijivunia tena kanisa liliponunua gari letu, lililokuja tupu ndani, bila kiti hata kimoja. Ulipewa kazi ya kuweka viti na mikanda ya usalama, ukalala chini yake siku mbili ukitafuta boriti za chuma zilizo chini ya sakafu, kwa sababu hukutaka bolti ishike bati peke yake. Kila ncha ya mkanda uliipa bamba lake. Ncha ya juu uliifunga kwenye nguzo ya ubavuni, na ili upate kimo chake ulimketisha Nabwire, kwa kuwa ndiye mfupi kuliko wanawake wote wa kwaya.

"Mkanda ukikata shingo ni kitanzi," ulimwambia. "Na huu wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga. Mfupa huvumilia. Tumbo halivumilii."

"Na nikinenepa?"

"Ukinenepa tutakutafutia lori."

Tangu siku hiyo Nabwire alifunga mkanda kila safari, hata ile fupi ya kutoka hapa Sikuda hadi Busia mjini. Wengine waliufunga walipoona askari tu, wakamcheka: "Nabwire, unaogopa kiti kitakukimbia?" Yeye alijibu kwamba kaka yake hakulala chini ya gari siku mbili ili mikanda iwe mapambo.

Kisha ikaja habari ya samaki. Baraza la kanisa liliamua kwamba gari liende Majanji, kule ziwani, mara mbili kwa wiki kuwabebea akina mama wetu samaki, na kwamba viti viondolewe kila safari na kurudishwa kabla ya abiria. Kuzifungua bolti zako kulichukua nusu ya asubuhi, na samaki hamngoji mtu. Mimi, katibu wa baraza, ndiye niliyekuandikia: viti vitoke kwa mkono, bila spana. Ulikuja kwenye kikao ukiwa na ovaroli yako yenye grisi.

"Kiti kinachotolewa kwa mkono mmoja kitatolewa na breki moja," ulisema.

Mwenyekiti alicheka. "Fundi, hapa mahubiri yana mwenyewe. Wewe tutengenezee kiti kinachotoka."

"Basi vitoke viti, lakini mikanda ibaki kwenye sakafu na kwenye nguzo."

"Ining'inie juu ya samaki? Jumapili tuje tukinuka sangara?"

Watu wakacheka. Ukanitazama mimi. Nami nikasema, na sijasahau hata neno moja: "Wandera, wazee wameshaamua."

Ukafanya. Kulabu nne chini ya kila kiti, pini moja ya kuzizuia, na mikanda yote ukaihamishia kwenye fremu ya kiti chenyewe, ili kiti na mikanda vitoke pamoja. Ilipendeza machoni. Mkaguzi wa magari aliuvuta mkanda mmoja kwa mkono, akausikia ukijifunga, akasema, "Mikanda ipo," akagonga muhuri.

Kisha, katika safari moja ya abiria, pale Buteba barabarani, gari letu liligonga lori la mchanga lililosimama ghafla. Dereva alishuka kwa miguu yake. Gari lilivunjika taa moja na bampa. Lakini kiti cha Nabwire kilichomoka kwenye kulabu, kikaenda mbele naye akiwa amefungwa ndani yake, na alipojigonga kwenye safu ya mbele, uzito wote wa kile chuma ukamjia mgongoni. Alifunga mkanda, Wandera. Mkanda ulimshika vizuri sana. Ulimshika kwenye kiti ambacho hakikushikwa na kitu.

Abiria wawili ambao hawakufunga walitoka na michubuko. Sasa wanazunguka sokoni wakisema kwamba mkanda ndio uliomvunja Nabwire, na watu wanawasadiki! Pale hospitalini mwenyekiti aliniwekea mkono begani akasema, "Mwalimu, ajali haina kinga." Nilimjibu mbele ya watu kwamba kinga ilikuwapo, tuliing'oa sisi wenyewe kwa spana.

Nawe ulifika mpaka lango la hospitali. Mlinzi alikuona umesimama, kofia mkononi. Halafu ukageuka, ukavuka mpaka kuingia Kenya, ukaenda zako. Fundi asiyejua ningemsamehe kabla ya jua kuchwa. Wewe ulijua. Ulisema kwa kinywa chako, kisha ukachukua grenda ukakata ulichokijua. Nami nilikusukuma, kwa hati yangu nzuri na sahihi yangu chini yake. Usidhani hasira hii inakulenga peke yako.

Nabwire, aliyekuwa akishona nguo, hana tena miguu yenye nguvu ya kukanyagia cherehani. Cherehani yenyewe imefunikwa kanga pembeni mwa chumba. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikimgeuza kitandani, aliniuliza kwa Kiswahili chake kile cha sokoni: "Kaka, Wandera iko wapi? Mwambia akuje. Mimi sina kesi na yeye."

Yeye hana. Mimi ninayo, nawe unayo juu yangu, na tutaisikiliza tukiwa tumekaa ana kwa ana.

Gari limekwisha kutengenezwa. Jumamosi baraza linakaa kuamua kama lirudi barabarani na viti vile vile, kulabu zile zile, kwa kuwa samaki wa Majanji wanasubiriwa. Nimekataa kuandika barua yoyote ya kuruhusu hilo. Lakini kukataa hakutoshi. Wataniuliza tufanyeje, nami najua sentensi, sijui chuma. Nataka uje. Usipoweza kuja, chora: boriti iko wapi, bamba liwe na unene gani, ncha ya juu ikae kimo gani, na mikanda ikunjweje isiguse samaki huku viti vikitoka. Mpe dereva yeyote anayekuja Busia. Wote wanaijua nyumba yangu.

Nabwire amesema atabebwa mpaka kwenye kikao. Ataketishwa mbele ya meza ya wazee, na wakitaka kuzipitisha kulabu zile, wazipitishe wakimtazama usoni. Nilijaribu kumzuia. Akaniambia ninyamaze, kwani nilishasema vya kutosha siku ile ulipotuonya kikaoni.

Baki salama huko uliko, kama kuna usalama kwa mtu aliyejificha. Uamuzi ukishatolewa nitakuandikia hapahapa, pamoja na majina ya wote walionyoosha mikono, wa kukubali na wa kukataa, na la kwangu nitaliandika la kwanza upande wa kukataa.

Ni mimi,
kaka yako mkubwa