Damu ya Pili ya Shija

Baba Kulwa,

Nimeshinda! Nilidhani nikikuandikia nitaanza na machozi, lakini leo sina.

Ulipofariki kwa ile homa, na vile vipele kifuani, ndugu zako walisema nimekulisha sumu. Wakawachukua Kulwa na Doto, wakavuka nao ziwa kwa kivuko cha Kamanga, wakanikataza hata kukanyaga uwanja wa mama yako. Nililia, Baba Kulwa. Nilikulilia wewe, nikawalilia wanangu.

Kazi yako kwenye ghala la pamba la yule tajiri mpya alipewa mdogo wako Shija. Haukupita muda naye akashikwa: homa, kichwa, vipele vilevile. Na Shija hajaonja chakula changu tangu tukuzike! Wenzake wakanigongea mimi, maana ndugu mwingine mjini hana, nikamkokota hospitali. Daktari aliposikia habari za ghala na panya wake, akamwanzishia dawa na kuagiza damu ipimwe. Kingamwili, wale askari wa damu, walikuwa wachache mno kusema ndiyo au siyo. Akipona arudi, wakasema. Kama wameongezeka sana, basi ni homa ya viroboto wa panya.

Arudi! Si unamjua mdogo wako? Alishapona, yuko kwao anakula viazi. "Shemeji, mtu mzima wa afya anatolewa damu ya nini?" Nikavuka. Nikaingia uwanja niliokatazwa, nikasema mbele ya mama yako kwamba hiyo damu ndiyo itakayosema kama mimi ni muuaji. Aliinuka. Kisha akamwambia Shija, "Vaa shati, twende." Tukavuka kurudi hospitali. Shija, na ukubwa wote ule, alifumba macho alipoona sindano. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Wameongezeka, Baba Kulwa! Wameongezeka mno! Daktari alisema wazi kwamba damu yako haikupimwa, hawezi kuapa. Ila ghala ni lile lile na vipele ni vile vile, yeye hana shaka. Mama yako alikaa chini pale pale koridoni. "Mwanangu," aliniambia, akanivuta nikae karibu naye.

Wanao wako hapa, wanagombania kichwa cha sato. Shija anamsumbua tajiri kila siku kuhusu wale panya, na mimi nikipata nafasi naongeza sauti.

Pumzika, mume wangu. Nitawalea, nakuahidi. Na ukiulizwa huko nani alikuua, usione haya: sema kiroboto.

Mkeo,
Mama Kulwa