Mbegu Chini ya Kitenge

Magamba, Jumanne, Desemba

Baba Neema,

Leo tumepanda soya pale mizizi ilipooza mwaka jana. Asubuhi nilipaka mbegu uji mwepesi uliopoa na ule unga wa vijidudu vinavyozuia ugonjwa, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikaenda kuchota maji. Kurudi, mdogo wako Shija kazianika juani.

"Shija, jua litaua vile vijidudu."

"Shemeji, si mbegu huwa tunaanika?"

"Hizi hapana. Kaka yako alikuwa akizifunika jikoni kwa kitenge changu."

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanukia uji kanisani."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Sijui kama vijidudu vimepona, na mbegu nyingine hatuna. Sasa mvua inanyesha. Huko uliko, utukumbuke, mimi na shamba lako.